Mwenye Shule Anapojitambulisha

Mazishi ya Jumamosi katika kaunti za Homa Bay na Migori, Nyanza Kusini, huwa na ibada ndefu, na utambulisho mrefu zaidi. Mfawidhi huita ukoo wa marehemu, wakwe, kanisa, chama cha akina mama, walimu, kisha wanasiasa, na kila anayepewa kipaza sauti huanza kwa kueleza yeye ni nani. Huyu ni wuod Kanyamwa, mwana wa Kanyamwa; yule ni nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo. Huyu alisoma na marehemu, yule alimwoa dada yake. Siku hizi, baina ya walimu na wanasiasa, ipo zamu ya mtu mwingine ambaye miaka arubaini iliyopita hakuwa na nafasi yake kwenye ratiba. Ni mwenye shule. Watu humwita dairekta. Basi lake la manjano limeegeshwa kando ya boma, na mara nyingi ndilo lililowaleta waombolezaji.

Dairekta ana majina mengi, na hayo majina hayakai pamoja kwa raha. Kanisani siku ya harambee yeye ni mtumishi aliyepewa maono. Mzazi mwenye deni la karo hukutana na mwenye mali. Afisa wa kaunti akija kuuliza leseni, shule hugeuka kituo cha kusaidia jamii. Na katika wasifu wa ukurasa mmoja unaotumwa Nairobi, London au Boston, mtu yule yule ni mjasiriamali wa elimu, mwanzilishi na mtendaji mkuu, mwenye shauku ya kubadilisha maisha ya vijijini. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lazima liwe uongo. Shida ni kwamba kila jina lina wasikilizaji wake, na wasikilizaji hao hawakutani.

Je, anayeuza masomo ajiite nani? Swali hili si la miji ya Rongo na Oyugis peke yake.

Plato aliandika majadiliano yanayobeba jina la Protagoras, mwalimu wa kulipwa kutoka Abdera aliyetikisa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwanzoni kijana Hippocrates anamgongea Socrates mlango kwa fimbo kabla ya alfajiri. Amesikia kwamba Protagoras yuko mjini, naye yuko tayari kumaliza mali yake na ya rafiki zake ili akasome kwake. Socrates hana haraka. Anamuuliza: anayemlipa tabibu hujifunza utabibu, anayemlipa mchongaji hujifunza kuchonga, wewe ukimlipa huyu, unataka kuwa nani? Jibu la kweli ni kwamba atakuwa kama Protagoras mwenyewe, na kijana anaona haya kulitamka. Kumeanza kupambazuka, kwa hiyo Socrates anaiona aibu usoni mwake. Kisha anampa onyo. Chakula cha sokoni unakibeba kwenye chombo, unafika nacho nyumbani, unamuuliza anayejua kama kinafaa kuliwa. Masomo hayana chombo. Ukishayanunua yamekwisha kuingia nafsini, na ukiondoka hapo umenufaika au umedhurika tayari.

Mzazi wa Ndhiwa anayemwandikisha mtoto wa miaka minne katika akademi yenye ukuta uliochorwa herufi na wanyama yuko katika hali hiyo hiyo. Hawezi kuonja kwanza. Anachoweza kukiona ni sare, basi, bango la barabarani, na namna mwenye shule anavyojieleza. Ndiyo maana utambulisho wa mtu wa elimu ni mzito kuliko wa mwenye duka la mbolea: kwa mnunuzi, maneno yale ni sehemu ya bidhaa.

Hata hivyo Plato, ambaye hakuwapenda walimu wa kulipwa, alimtendea Protagoras haki. Anamwonyesha akisema kwamba wenzake waliomtangulia walijificha nyuma ya ushairi, muziki na mazoezi ya viungo, ilhali yeye hasiti kujiita alivyo. Anaeleza hata utaratibu wake wa malipo: mwanafunzi akihitimu hulipa ada iliyotajwa, akiona ni kubwa mno, huenda hekaluni, huapa masomo yale yalikuwa na thamani gani kwake, na hulipa hicho alichoapia. Mahali pengine Plato anadai Protagoras alichuma kuliko mchongaji Phidias na wachongaji wengine kumi wakijumlishwa. Kwa hiyo hakuwa maskini aliyejifanya mtakatifu. Alikuwa mchuuzi wa masomo, alisema hivyo hadharani, na bei aliiweka mikononi mwa kiapo cha mnunuzi.

Nyanza nayo ina utaratibu wake wa kujisifu, na haukuhitaji Athens. Katika ngoma za Wajaluo, tangu nyatiti hadi benga, kuna pakruok. Mtu humwendea mwanamuziki, hutoa fedha, muziki hukatizwa au hutulizwa, naye husimama na kujitaja: yeye ni mwana wa nani, kwao ni wapi, rafiki yake ni yupi, ni nini kinachomfanya asiwe na mfano katika ufuko wote wa ziwa. Hutia chumvi bila haya. Watu hucheka, wengine hushangilia, ngoma inarudi. Chumvi ile haimdhuru mtu kwa sababu wote waliopo wanajua ana ng'ombe wangapi na aliyemzaa ni nani. Na ameilipia dakika yake.

Wasifu wa mjasiriamali wa elimu ni pakruok iliyohamishwa hadi mahali pasipo na shahidi. Anayeusoma Boston hajui kama hayo madarasa sita ni sita, au ni matatu yaliyogawanywa kwa mbao. Hajui kama kiwanja ni cha dairekta, cha kanisa au cha mjane aliyekitoa kwa maneno tu. Anayejua ni jirani, na jirani hatumiwi nakala. Kosa haliko katika kujisifu. Wajaluo walikwisha kukubali kwamba binadamu hujisifu, wakampa mahali pa kufanyia hivyo. Kosa ni kujisifu pale ambapo hakuna anayeweza kucheka.

Maandiko yana msimamo mkali zaidi. Mithali 27 inataka sifa za mtu zitoke kinywani mwa mwingine. Katika Mathayo 23 Yesu anawakataza wanafunzi wake kupenda kuitwa walimu, agizo ambalo shule nyingi zenye misalaba getini zimelipita kimyakimya. Lakini anayefaa kusikilizwa zaidi ni Paulo, kwa kuwa yeye aliishi ndani ya tatizo lenyewe. Matendo 18 inasema alifanya kazi ya kushona mahema Korintho. Katika barua yake ya kwanza kwa watu wa mji huo, sura ya 9, anatetea kwa hoja nyingi haki ya mhubiri kulipwa, halafu anasema yeye hataitumia. Katika ya pili, sura ya 3, anauliza kama anahitaji barua za kumtambulisha kama wengine, na anajibu kwamba wao Wakorintho ndio barua yake, inayosomwa na kila mtu. Hilo ni jibu zito kwa mtu wa elimu. Anayeweza kumtambulisha mwenye shule ni yule aliyepita mikononi mwake, akiwa ametulia kwake Homa Bay, anaendesha bodaboda au anapima damu hospitalini, na hadaiwi fadhila ya kusema uongo.

Waislamu wa Kendu Bay, mji wenye msikiti wa siku nyingi wa Masjid Tawakal, wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba miongoni mwa wajibu wa mwalimu ni kutodai ujira kwa kufundisha elimu ya dini. Wanazuoni wa kwanza wa madhehebu ya Hanafi nao walikataza malipo ya kufundisha Kurani. Waliokuja baadaye wakaruhusu, na sababu yao haikuwa tamaa: ruzuku za walimu kutoka hazina ya dola zilikuwa zimekatika, na waliogopa kwamba bila malipo ufundishaji wenyewe ungekufa. Yaani hukumu ilibadilika kwa sababu serikali ilijitoa.

Hapo ndipo hoja inaposhuka hadi Migori. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Januari 2003, chini ya Mwai Kibaki, karo za shule za msingi za umma ziliondolewa, na zaidi ya watoto milioni moja wapya wakaingia madarasani. Madarasa yalifurika kuliko walimu walivyoongezwa, na akademi nyingi zikachipuka katika ufa huo. Kusema mwenye shule binafsi ni mnyonyaji tu ni kusahau kwamba mzazi anayemlipa, mara nyingi akiwa muuza omena au mkulima wa miwa, ameiacha shule ya bure iliyo karibu zaidi. Alikuwa na sababu zake.

Miwa yenyewe ingefaa iwe sura katika falsafa ya elimu ya eneo hili. Kuanzia Awendo, kiliko kiwanda cha sukari cha SONY, hadi mashamba ya Ndhiwa, muwa uliopandwa leo hukomaa baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi, na malipo yanaweza kukawia hata baada ya kuvunwa. Karo huitishwa mara tatu kwa mwaka. Kalenda hizo mbili hazikutani popote. Kwa hiyo dairekta wa Awendo, apende asipende, ni mkopeshaji, hata kama bango lake halisemi hivyo. Akijiita mtumishi tu, hataweka utaratibu wa mikopo hiyo; akijiita mfanyabiashara tu, atawarudisha nyumbani watoto ambao baba zao wana mali shambani ambayo bado haijavunika.

Kisha kuna mayatima. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima Homa Bay kikiwa asilimia 19.6, cha juu kuliko kaunti nyingine zote. Migori kilikuwa asilimia 13. Familia nyingi zilizika watu wao kabla dawa hazijaenea, na shule zilizaliwa ili kuwachukua watoto waliobaki. Baadhi ni kazi ya kuheshimika, kama ya mapadri wa Mtakatifu Camillus huko Karungu. Lakini yatima pia aligeuka kuwa aya ya pili katika wasifu wa watu: picha yake, jina lake la kwanza, machozi ya bibi yake. Mtoto wa miaka saba hana namna ya kukataa kuwa sehemu ya utambulisho wa mtu mzima. Hili, kuliko karo, ndilo mwandishi huyu analoliona kuwa biashara isiyofaa.

Eneo hili limezoea kumtaja mmoja na kumwacha mwingine. Mwaka 1906 misheni ya Waadventista ilianza kilimani Gendia, jirani na Kendu Bay, na kutoka hapo zikaenea shule nyingi za Nyanza Kusini. Jina linalotajwa kwanza ni la Arthur Carscallen, Mkanada, na ni haki yake. Alikaa miaka mingi, akajifunza Kijaluo na kukiandikia sarufi. Lakini alikuja pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, Malawi ya leo. Nyambo huyo huyo, mwaka 1914, alikuwa London na ombi la Waafrika wa Rhodesia na Nyasaland kwa mfalme wa Uingereza. Mtu mwenye historia kama hiyo angeweza kujitambulisha kwa kurasa kumi. Mara nyingi anapewa nusu sentensi.

Kinyume chake kipo Lwala, kijiji cha Kamagambo Kaskazini karibu na Rongo. Milton Ochieng' alipopata nafasi ya kusoma katika chuo cha Dartmouth, Marekani, hakuwa na nauli. Wanakijiji waliuza kuku na mifugo wakachanga takriban dola 900. Yeye na mdogo wake Fred walisomea udaktari, wakapoteza wazazi wote wawili kwa UKIMWI wakiwa masomoni, na mwaka 2007 wakafungua zahanati ambayo baba yao, mwalimu, alikuwa ameitamani. Habari yao inaposimuliwa, kuku hawakosi. Utambulisho unaoanza na deni una faida moja ya wazi: waliokukopesha wapo, wanakusikia, na wanaweza kukukosoa hesabu.

Swali la jina linamhusu hata Tom Mboya, mwanasiasa aliyezikwa Rusinga. Aliacha masomo ya sekondari Mang'u kwa kukosa fedha, akasomea ukaguzi wa afya. Mwaka 1959 yeye na marafiki zake wa Marekani walipeleka huko wanafunzi 81 kwa ndege ya kwanza, wakisaidiwa na majina kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Leo angeitwa mjasiriamali wa elimu bila kupepesa macho. Yeye alijulikana kama mtu wa vyama vya wafanyakazi.

Pwani ya Muhuru, mpakani na Tanzania, kuna shule ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa 2010 na kuasisiwa na Sherryl Broverman, mhadhiri wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na Dkt. Rose Odhiambo. Wasichana husoma kwa ufadhili. Hapo mwenye kulipa ni mfadhili wa mbali, na mzazi hana karo ya kuzuia akichukizwa. Shule za namna hii hufanya kazi kubwa, lakini zina mtihani wake: anayetambulishwa kwa mfadhili kila mwaka ni msichana, naye mzazi huambiwa nini kuhusu mfadhili?

Upande wa pili wa mizani wapo Bridge International Academies, walioanza Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009 na kuenea Kenya kwa karo ya chini, mwalimu akifuata somo lililoandikwa tayari kwenye kishikwambi. Walipingwa sana, na mwaka 2022 Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), tawi la Benki ya Dunia, liliondoa mtaji wake humo. Mengi waliyolaumiwa yalistahili lawama. Ila hawakujificha nyuma ya madhabahu. Walikuwa kampuni, wakajiita kampuni, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuwahoji.

Immanuel Kant, mwaka 1795, alipendekeza kipimo kwa wenye madaraka: nia ambayo haiwezi kutangazwa hadharani bila kujiharibia yenyewe ni dhuluma. Kipimo hicho kinamfaa pia dairekta, na Nyanza Kusini ina jukwaa la kukitumia, kwa kuwa kwenye mazishi mzazi, mchungaji, chifu na mgeni wa kigeni hukaa chini ya hema moja. Hebu asimame aseme: nina shule, ni biashara yangu, karo ni kiasi hiki, kiwanja ni cha kanisa, walimu wanane wamesajiliwa na TSC, wawili bado wanasubiri, watoto kumi hawalipi, na anayewalipia ni fulani. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 inamkataza asiyesajiliwa kufundisha, hata katika shule binafsi, kwa hiyo sentensi ile kuhusu walimu wawili ingemgharimu. Ndiyo maana haisikiki.

Kuna pingamizi la haki hapa. Unyenyekevu pia una gharama yake, na wanaoilipa zaidi ni wanawake. Madarasa mengi ya chekechea yalianzishwa na mwalimu wa kike katika jengo la kanisa, kwa mkeka na chaki, na alipoulizwa yeye ni nani alisema anasaidia watoto tu. Mwaka wa tano anakuja mtu mwenye maneno, anasajili jina, anaweka bango, anakuwa mwanzilishi. Huyo mama angejifunza lugha ya wafadhili asingekuwa mwajiriwa katika kazi aliyoianza mwenyewe. Kumwambia asijisifu kwa sababu Mithali imesema hivyo ni kumnyang'anya mara ya pili. Mithali inadai kinywa cha mwingine kimsifu. Basi wale wanaojua, yaani mchungaji aliyempa jengo na wazazi wa darasa la kwanza kabisa, wana wajibu wa kusimama na kusema. Wakinyamaza, na wao wana sehemu katika wizi huo.

Bado linabaki kabati. Katika ofisi nyingi za shule za sekondari, za umma na za binafsi, kuna kabati la chuma lenye vyeti vya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, vya waliohitimu wakiwa na deni. Cheti cha mtu aliyemaliza miaka mingi iliyopita kimo humo, ndani ya faili, huku mwenyewe akikosa kazi kwa kukosa karatasi hiyo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 haimpi mwalimu mkuu wala mwenye shule mamlaka ya kukizuia, na Wizara ya Elimu imetoa maagizo kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Dairekta ana utetezi, nao si wa kipuuzi: bila kabati deni halilipwi, na bila deni kulipwa mwalimu wa hesabu hapati mshahara wa Desemba. Lakini kwa hoja ya Paulo, aliyefungiwa mle ndani ndiye barua ya shule yenyewe, na hakuna wasifu utakaomsaidia dairekta mbele ya kijana huyo.

Wapo wanaoligundua hili mapema na kupanga kuanzia hapo. Mwezi wa Januari huandikiana na mzazi kwamba karo italipwa miwa ikilipwa, hupokea gunia la mahindi au maharagwe jikoni na kulihesabu kwa bei ya soko la Rodi Kopany, hukataa mwanafunzi wa ziada ambaye hawataweza kumbeba, na humwambia mfadhili idadi kamili ya wasiolipa. Faida yao ni ndogo, mabasi yao ni ya zamani, na vyeti vikifika kutoka Nairobi huwaita vijana waje kuvichukua.